Kabla Hujanunua Saa ya Mazoezi

 Leo nimekuja na kitu kidogo ambacho kimeenea mikononi mwa watu kwa kasi: saa za mazoezi, au saa janja kama wengi wanavyoziita. Pita Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo utaziona zimepangwa ndani ya makabati ya vioo, nyeusi, za waridi, na nyingine zimepakwa rangi ya dhahabu. Muuzaji atakutolea moja, ataifuta kwa pindo la shati lake, kisha ataanza: "Mzee wangu, hii inapima mapigo ya moyo, inapima presha, inapima oksijeni, inapima sukari, usingizi, hatua, kalori, ukipigiwa simu unaona hapahapa, na maji haiogopi." Yote hayo kwa shilingi elfu thelathini.

Sasa tembea kidogo uingie duka lenye kiyoyozi. Humo kuna saa inayozidi milioni moja. Soma karatasi yake ya maelezo kwa makini. Utakuta ahadi zake kuhusu afya ni chache kuliko za ile ya elfu thelathini. Sukari haitaji kabisa. Presha huenda haitaji, na ikitaja, inaweka masharti. Mnunuzi asiyejua anaweza kudhani ameibiwa: alipe zaidi, apate pungufu? Hapo ndipo ninapotaka tuanzie.

Ukivua kioo na mapambo, ndani ya karibu kila saa ya aina hii kuna vihisi vya namna tatu. Kuna taa inayomulika ngozi yako. Kuna kijidude kinachohisi mtikisiko wa mkono. Na kwa zile zilizojitosheleza, kuna kipokezi cha mawimbi ya setilaiti. Zipo chache zenye nyongeza, nitazigusia mbele. Lakini namba nyingi unazoziona kwenye kioo zimetoka kwenye hivyo vitatu. Namba moja imetoka karibu na kihisi, nyingine imepita kwenye mahesabu marefu ya kukisia hadi imesahau ilikotoka. Rai yangu jioni hii ni kwamba ulipie saa kwa kile inachopima, na usiongeze hata shilingi kwa kile inachokisia.

Tuanze na taa, maana ndiyo yenye mambo mengi. Igeuze saa uone tumbo lake. Utaona vijitaa vya kijani vikimetameta. Damu hufyonza sana mwanga wa kijani. Moyo unapodunda, damu hujaa kwenye mishipa midogo ya ngozi na mwanga mwingi humezwa. Kati ya dundo moja na jingine damu hupungua na mwanga mwingi hurudi. Pembeni ya taa kuna jicho linalopima ule unaorudi. Programu huhesabu kupanda na kushuka kwake, kisha hukuandikia: 72 kwa dakika.

Kwa hiyo kifaa hiki hakiusikii moyo wako. Kinatazama mwanga na kutafuta mdundo ndani yake. Mwaka 2018 watu wa China walichekeshana sana mitandaoni kwa kuivisha saa hizi karatasi ya chooni, ile ya kuviringwa, nayo saa ikatoa namba ya mapigo ya moyo bila aibu. Karatasi haikuwa hai. Saa ilipewa mwanga unaorudi, ikatafuta mdundo, na kwa kuwa kazi yake ni kutoa namba, ikatoa namba.

Elewa hilo, na nusu ya matatizo ya saa hizi utayatatua mwenyewe nyumbani. Saa ikilegea, mwanga wa nje huingia na mwanga wa ndani huvuja. Ukiwa unakimbia, ivute juu kidogo, upana wa vidole viwili kutoka kwenye kifundo, uifunge ikae imara bila kubana mpaka mkono ufe ganzi. Ukimaliza, ilegeze ngozi ipumue. Tatuu ya wino mweusi mahali taa inapomulika nayo huvuruga kabisa. Na wale wanaonyanyua vyuma wajue kwamba kukunja ngumi na kukaza misuli ya mkono hubadilisha mtiririko wa damu pale pale inapopimwa, ndiyo maana mtu anaweza kuwa anahema kama mvukuto na saa ikamwambia 95.

Kuna swali ambalo wengi wetu tunalo: je, taa hii inafanya kazi kwenye ngozi nyeusi? Ni swali la haki, kwa sababu melanini, ile rangi ya ngozi yetu, nayo hufyonza mwanga wa kijani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani walilichunguza na kuchapisha majibu mwaka 2020. Walichukua watu 53 wa rangi mbalimbali za ngozi, wakawavisha saa kadhaa pamoja na kipimo cha umeme wa moyo. Kwa upande wa mapigo ya moyo hawakukuta tofauti kubwa kati ya ngozi na ngozi. Walichokikuta ni kwamba mtu akiwa kwenye shughuli, makosa ya saa yalikuwa makubwa kwa wastani wa asilimia 30 kuliko akiwa ametulia. Yaani adui mkubwa wa taa ni mtikisiko.

Oksijeni ni hadithi nyingine. Hiyo hupimwa kwa mwanga mwekundu pamoja na mwanga usioonekana kwa macho, kwa njia ileile ya kile kibanio cha kidoleni tulichokizoea wakati wa Uviko. Desemba 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kuwa hata kibanio cha hospitali kilishindwa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kilivyoshindwa kwa wagonjwa weupe. Kama kifaa cha wodini, kidoleni, mgonjwa katulia kitandani, kina udhaifu huo, mimi namba ya oksijeni inayotoka mkononi naitazama kwa jicho la pembeni. Kwa anayepanda Kilimanjaro inaweza kumpa picha ya jumla, lakini maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kupepesuka ni dalili za kumwambia mwongozaji wako mara moja, saa iseme isemavyo.

Hebu tufanye jambo moja hapohapo ulipo. Geuza kiganja cha kushoto kiangalie juu. Vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, viweke kwenye kifundo, upande wa kidole gumba, kwenye kale kabonde. Usitumie gumba, lina mdundo wake unaoweza kukuchanganya. Unausikia? Hesabu kwa sekunde thelathini, zidisha mara mbili. Hicho ni kipimo, na hakijakugharimu kitu. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida huwa kati ya 60 na 100. Aliyezoea mazoezi ya muda mrefu anaweza kuwa chini ya hapo, hata arobaini na kitu.

Na hapa ndipo nitaisifia saa kwa moyo mkunjufu. Mapigo ya moyo ukiwa umepumzika, yanayopimwa usiku umelala au alfajiri kabla hujatoka kitandani, ni namba nzuri kuliko zote zilizomo humo. Hakuna mtikisiko, taa inafanya kazi yake kwa raha, na saa huipima kila siku bila kukusumbua. Baada ya miezi michache ya kutembea kwa bidii utaiona ikishuka taratibu. Siku ikipanda ghafla, jiulize: nililala vibaya jana? Nilikunywa? Homa inakuja? Saa haiwezi kukuambia ni malaria au ni mafua, lakini inaweza kukunong'oneza kwamba leo si siku ya kukimbia. Kwa ajili ya namba hiyo moja, hata saa ya bei ya kawaida inajilipa.

Kama unafanya mazoezi ya kupanda na kushuka, kukimbia kasi dakika moja na kutembea dakika moja, kuruka kamba, ndondi, taa ya mkononi itakuchelewesha na kukudanganya. Dawa ipo, na ni ya zamani. Huko Kempele, karibu na mji wa Oulu kaskazini mwa Finland, profesa Seppo Säynäjäkangas alianzisha kampuni ya Polar mwaka 1977, akitaka wanamichezo waweze kupimwa moyo wakiwa uwanjani badala ya maabara. Mwaka 1982 wakatoa kifaa kisicho na waya: mkanda wa kifuani unaosoma umeme wa moyo na kuurusha hadi kwenye saa. Mikanda ya namna hiyo inauzwa mpaka leo na kampuni kadhaa, na bado inaishinda taa ya mkononi. Ukiniuliza, saa ya bei ya kati pamoja na mkanda wa kifuani ni bora kuliko saa ya bei kubwa peke yake. Hakikisha tu, kabla hujalipa, kwamba saa unayoitaka inakubali kuunganishwa na mkanda wa nje. Nyingi za bei ndogo hazikubali.

Sasa mtikisiko, yaani hatua. Kila mtu ameambiwa atembee hatua 10,000. Nani aliyesema? Ukifuata mkondo hadi kwenye chemchemi yake unafika Japani, mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Kampuni ya Yamasa ilitoa kifaa cha kuhesabu hatua ikakiita Manpo-kei, jina linalobeba hiyo namba ya 10,000. Lilikuwa tangazo la biashara, na lilifana kweli. Mwaka 2019 mtafiti I-Min Lee wa Harvard na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake wazee karibu 17,000 wa Marekani, umri wao kwa wastani miaka 72. Waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa katika kipindi hicho, kwa asilimia 41, wakilinganishwa na waliotembea 2,700. Faida iliendelea kupanda hadi kama 7,500, kisha ikatulia. Kwa hiyo mama yetu anayefikisha elfu tano na kuona saa ikimnunia, namwambia: mama, wewe endelea, saa imenuna kwa sababu ya tangazo la mwaka 1965.

Tena saa huhesabu mkono, haihesabu mguu. Songa ugali wa familia kubwa, fua mashuka, twanga mchele, na utaona hatua mia kadhaa umezipata bila kuondoka jikoni. Halafu yule kijana anayesukuma mkokoteni kutoka Kariakoo hadi Buguruni, mikono imeshika chuma wakati wote, saa inaweza kumwandikia robo ya alichotembea. Mwanamke aliyebeba ndoo kichwani na mkono mmoja umeishikilia, hivyohivyo. Kifaa hiki kilitungwa kwa mtu anayetembea akipunga mikono. Usishangae.

Kalori nitapita haraka, kwa sababu jibu ni fupi. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Stanford kilijaribu saa saba kwa watu 60. Sita kati ya saba zilipima mapigo ya moyo kwa kosa lisilozidi asilimia 5. Kwenye kalori hakuna iliyofaulu: iliyofanya vizuri zaidi ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na ya mwisho kwa asilimia 93. Saa zimebadilika tangu hapo, lakini njia ya kukisia ni ileile: uzito wako, umri wako, mapigo, na hesabu ya jumla iliyotungwa kwa mtu mwingine. Kama saa imekuambia umechoma kalori 400 na wewe ukazilipa kwa chapati mbili na soda, mwisho wa mwezi mizani itakupa habari tofauti.

Usingizi nao karibu uko kundi hilo. Saa hujua umelala kwa sababu hutikisiki na mapigo yameshuka. Lala chali ukiwaza ada ya shule ya Januari, kimya kabisa, itakuandikia umelala salama. Muda wa kulala na wa kuamka huupata kwa kukaribia. Vile vipande vya usingizi mzito, mwepesi na wa ndoto huvikisia, maana maabara huvisoma kwa nyaya za kichwani. Nilichokipenda mimi kwenye habari ya usingizi ni kengele ya kutetemesha mkono. Inakuamsha alfajiri kwa swala, au kwa daku mwezi wa Ramadhani, bila kuamsha nyumba nzima.

Msikilizaji, sasa tufike kwenye presha na sukari, na hapa naomba utulivu.

Sukari kwanza. Hakuna saa wala pete inayopima sukari ya damu yenyewe, bila kutoboa ngozi, ambayo imeidhinishwa na mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA. Februari 2024 mamlaka hiyo ilitoa onyo la wazi kwa umma: msizitumie. Sababu si ngumu kuielewa. Mwenye kisukari anayejidunga insulini hupanga dozi kwa namba. Namba ikiwa ya uongo, dozi inakuwa ya uongo, na sukari kushuka kupita kiasi kunaweza kumuua mtu ndani ya saa chache. Vipo vifaa vya kweli vinavyobandikwa kwenye mkono wa juu, vyenye kijisindano kinachokaa chini ya ngozi, na saa inaweza kuonyesha namba inayotoka huko. Hapo saa ni kioo tu. Lakini saa ya elfu thelathini inayowasha taa ya kijani kisha ikasema sukari yako ni 5.6, hiyo imetunga.

Presha ina utata zaidi kidogo. Ipo saa ya Huawei yenye mkanda unaojaa hewa na kukubana kifundo, mfano mdogo wa mashine ya zahanati. Hiyo inapima kwa njia inayoeleweka. Samsung nao wana saa zinazokadiria presha kwa mwanga, ila wanakutaka uzisawazishe na mashine ya kawaida ya mkononi kila baada ya siku 28. Ona hapo: hata kampuni kubwa inakiri kwamba saa yake inahitaji kufundishwa na mashine ya kweli kila mwezi. Zile nyingine, zinazokupa 120 kwa 80 kila mara, uwe umelala au umetoka kugombana na kondakta, hazipimi. Na ubaya wake ni kwamba mwenye presha ya juu mara nyingi hasikii kitu. Anaitazama saa, inamwambia yuko salama, anaacha dawa. Fedha unazotaka kuziongeza ili upate saa "yenye presha", peleka duka la dawa ukanunue mashine ya mkanda wa mkono wa juu. Itawapima baba, mama, bibi na jirani.

Nilisema nitazigusia saa zenye nyongeza. Baadhi zina uwezo wa kusoma umeme wa moyo ukigusa kitufe kwa kidole cha mkono wa pili. Apple waliuanza mwaka 2018. Kazi yake hasa ni kugundua mapigo yanayokwenda shaghalabaghala, hali inayoweza kuleta kiharusi. Katika utafiti uliotumia taa kuyatafuta mapigo hayo na uliohusisha watu zaidi ya 419,000 nchini Marekani, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2019, saa ziliwatumia tahadhari asilimia 0.52 tu ya washiriki, wazee wakizipata kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko vijana. Kwa mtu wa miaka sitini na tano aliyewahi kuambiwa moyo wake una hitilafu, uwezo huu una maana. Kwa kijana wa ishirini na tano ni pambo. Na kwa yeyote, jueni hili: saa hizi hazigundui mshtuko wa moyo. Kifua kikibana na jasho jembamba likakutoka, usiangalie mkono. Tafuta usafiri.

Setilaiti sasa, kwa wakimbiaji. Kuna saa yenye kipokezi chake yenyewe, na kuna inayoazima cha simu. Muuzaji ataziita zote "za GPS". Muulize swali moja: nikiacha simu nyumbani, itanichorea njia niliyopita? Akianza kuzungukazunguka, jibu umelipata. Mawimbi hayo yanatoka kilomita 20,000 hivi juu yetu, na yanafika yakiwa dhaifu mno. Ukikimbia ufukweni Coco Beach, anga wazi, saa itakupa umbali mzuri. Ingia katikati ya maghorofa ya Posta, mawimbi yatagonga kuta kabla hayajakufikia, na ramani itaonyesha ulikimbia ndani ya benki. Saa mpya za bei ya juu hupokea mawimbi ya aina mbili kwa pamoja ili kupunguza tatizo hilo. Kwa anayekimbia Msasani, au kwenye barabara za Iten na Mbulu, nyongeza hiyo ni ya kujivunia tu.

Hata iwe nzuri kiasi gani, saa ina mpaka wake. Septemba 2025, kwenye marathoni ya Mashindano ya Dunia ya riadha jijini Tokyo, Alphonce Simbu wetu aliingia uwanjani kilomita 42 nyuma yake, Mjerumani Amanal Petros mbele yake. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Simbu alishinda kwa sehemu tatu za mia za sekunde, na iliyoamua ni kamera ya mstarini. Hakuna saa ya mkononi duniani ambayo ingejua nani bingwa.

Wale mnaojiandaa kwa Kilimanjaro Marathon pale Moshi mtaambiwa pia habari ya kanda za mapigo ya moyo. Saa nyingi huzikata kutoka kwenye kikomo cha mapigo yako, kinachokisiwa kwa hesabu ya 220 kutoa umri wako. Hesabu hiyo ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ni ya makadirio tu. Mwaka 2001 mtafiti Tanaka na wenzake walipendekeza nyingine: 208, toa asilimia 70 ya umri. Mwenye miaka 70 kwa hesabu ya kwanza kikomo chake ni 150, kwa ya pili ni 159. Tofauti ya mapigo tisa! Na watu wawili wa rika moja wanaweza kupishana kuliko hapo. Kuna kipimo kingine ambacho vikundi vya jogingi vya Temeke na Mbagala wanakitumia kila Jumamosi alfajiri pengine bila kukusudia: wanaimba. Ukiweza kuzungumza lakini kuimba kunakushinda, uko kwenye mwendo wa wastani. Ukiweza kuimba ubeti mzima, ongeza. Ukishindwa kumaliza sentensi, huo ni mwendo mkali. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, au 75 za mwendo mkali.

Kuna gharama zisizoandikwa kwenye boksi. Chaji, kwa mfano. Saa zenye kioo cha kupendeza na programu nyingi huhitaji chaji kila siku au kila baada ya siku mbili. Zile za kawaida hukaa wiki moja hadi mbili. Unakoishi umeme ukikatika usiku mara kwa mara, chagua ya pili. Saa iliyozimika haipimi kitu. Simu yako nayo ina neno: Apple Watch haifanyi kazi na simu ya Android, nukta. Maji vilevile. Ikiandikwa 5 ATM maana yake imestahimili shinikizo la maji ya mita 50 yakiwa yametulia. Kuogelea sawa, kuzama kina kirefu na mitungi hapana. Mvuke na sabuni huchakaza mipira inayozuia maji. Ukitoka baharini, iwe Forodhani au Raskazone, isuuze kwa maji baridi.

Halafu kuna kampuni yenyewe. Saa yako ni nusu tu. Nusu nyingine ni programu inayokaa kwenye kompyuta za mtu, mara nyingi ng'ambo. Saa za Pebble zilipendwa sana. Mwishoni mwa 2016 kampuni ikauzwa kwa Fitbit, na mwaka 2018 huduma zake zikazimwa. Fitbit wenyewe walinunuliwa na Google. Julai 2020 Garmin walishambuliwa na wadukuzi, na kwa siku kadhaa wakimbiaji dunia nzima hawakuweza kupakia mazoezi yao. Ukinunua jina ambalo hakuna anayelijua, lenye programu ambayo haijaboreshwa tangu mwaka juzi, umenunua bangili.

Na taarifa zako je? Januari 2018 iligundulika kwamba ramani ya programu ya mazoezi ya Strava ilionyesha, bila mtu kukusudia, mahali zilipo kambi za kijeshi, kwa sababu askari walikuwa wakikimbia kuzizunguka wakiwa na saa. Wewe huna kambi, lakini una mlango wa nyumba, na una binti anayekimbia njia ileile saa ileile kila asubuhi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019. Hata hivyo sheria haitakufichia mlango wako. Nenda kwenye mipangilio ya programu, ficha mwanzo na mwisho wa njia, na uchague nani aone.

Basi ukifika dukani, ivae. Kaa dakika mbili, hesabu mapigo kwa vidole kama tulivyofanya, ulinganishe. Kisha ivue, izungushie chupa ya maji au mkate, uwashe kipimo. Nzuri inaweza kukosea hapo mara moja moja, kama ile ya karatasi ya chooni. Lakini ikitoa mapigo, presha na sukari ya mkate kwa kujiamini, mrudishie mwenyewe. Toka nayo juani uone kama kioo kinasomeka. Uliza jina la programu, ulitafute kwenye simu yako hapohapo, uone mara ya mwisho iliboreshwa lini. Uliza dhamana ni ya miezi mingapi na nani atakayeiheshimu. Na uliza chaja ya akiba inauzwa bei gani, kwa sababu karibu kila saa ina chaja ya umbo lake, haiingiliani na ya jirani, na zipo saa nzima kabisa zilizolala kwenye droo za watu kwa ajili ya kakipande ka waya kalikopotea.

Juma lijalo, panapo majaliwa, tutazungumzia viatu vya kukimbilia, vipya na vya mtumba. Fundi mitambo wangu hapa ananionyesha muda umekwisha. Usiku mwema.